Nani Kachakachua?

Barua ya wiki hii imetoka Issuna. Kwa wale wasiopafahamu, Issuna ipo kwenye barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini, katika wilaya ya Ikungi, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Singida Vijijini. Aliyeandika ni mzee mmoja ambaye anasema alimnunulia mjukuu wake dawa ya kikohozi, na kwenye kifuniko cha chupa akakuta maneno ya Kiingereza, miongoni mwake neno "tamper". Akamuuliza kijana wake anayesoma sekondari, na kijana akajibu kwamba maana yake ni kuchezea. Mzee hakuridhika. Anataka kujua ni nani huyo mwenye akili timamu atakayekaa chini na kucheza na chupa ya dawa, na kama kweli kuna mtu wa namna hiyo, kwa nini Waingereza wakamtafutia neno lake peke yake.

Mzee wangu, kijana hakukosea. Hata matangazo ya umeme yanatuonya tusichezee mita, na mkaguzi wa vipimo akikuta lakiri ya pampu ya mafuta imekatwa husema pampu imechezewa. Lakini hapo Kiswahili kimeazima neno la watoto kwa kazi ya watu wazima. Neno hilo la Kiingereza lina uzito zaidi. Maana yake ni kutia mkono katika kitu usichokuwa na ruhusa ya kukigusa, ukakibadili, kisha ukakiacha kikionekana kama hakijaguswa. Zingatieni hilo la mwisho. Mwizi avunjaye mlango na kubeba redio hajafanya kazi hiyo, kwa sababu mlango uliovunjika unajitangaza wenyewe. Anayezungumziwa hapa ni yule anayefungua, anafanya yake, halafu anafunga vizuri.

Sasa, maneno hayo yalifikaje kwenye kifuniko cha dawa? Jibu linapatikana Marekani, katika jiji la Chicago na vitongoji vyake, mwishoni mwa Septemba 1982. Watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol. Kulikuwa na mtu aliyeingiza sumu kali ya sianidi ndani ya vidonge hivyo, kisha vikawekwa madukani vikiwa katika chupa zao, na wanunuzi hawakuona kasoro yoyote. Kampuni ikaziondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31. Aliyefanya unyama ule hakupata kutiwa hatiani mpaka leo. Mwaka 1983 Marekani ikatunga sheria maalumu dhidi ya kosa hilo, na neno analouliza mzee wetu limo katika jina la sheria hiyo. Ile pete ya plastiki inayokatika unapofungua chupa kwa mara ya kwanza, na ile karatasi ngumu iliyobandikwa mdomoni chini ya kifuniko, zilienea duniani baada ya vifo vile. Hazimzuii mhalifu kufungua. Kazi yake ni kumnyima nafasi ya kufunga akaonekana hajafungua.

Lakini neno lenyewe ni la zamani zaidi kuliko vidonge, na asili yake ndiyo inayonifurahisha, maana mzee wa Issuna anaijua kazi hiyo kuliko profesa wa London. Wataalamu wa historia ya Kiingereza wanaeleza kwamba "tamper" ni pacha wa neno "temper", na kwamba katika karne ya 16 yote mawili yalitumika kwa fundi anayekanda udongo. Nyuma yake liko neno la Kilatini, temperare, yaani kuchanganya vitu kwa kiasi chake. Fundi wa matofali anatia maji katika udongo, anaukanyaga, anaugeuza, anaongeza hiki na kupunguza kile mpaka ulainike sawasawa. Ndiyo kazi iliyoitwa hivyo, na haikuwa na aibu yoyote.

Kisha, kama ilivyo desturi ya maneno, likatoka katika shimo la udongo likaingia kwenye mambo ya watu. Anayezungukazunguka kwa siri kumlainisha shahidi abadili maneno yake akaambiwa anamkanda, kama vile udongo. Anayeingiza vidole katika hati ya urithi, vivyo hivyo. Pacha mmoja, "temper", akabaki na heshima zake kwa mafundi wa chuma na wafinyanzi. Pacha wa pili akapotea njia. Kwa hiyo neno la kiasi na neno la hila yametoka tumbo moja, jambo ambalo kwangu ni la ajabu kidogo, ila ukilifikiri unaona lina mantiki yake: mikono ni ileile, udongo ni uleule, kinachotofautiana ni nani amekutuma.

Watu wa Issuna hawahitaji kusimuliwa habari za kukanda udongo. Singida na Dodoma ndiko nyumbani kwa tembe, ile nyumba ya miti iliyokandikwa kwa tope, yenye paa la bapa lililofunikwa udongo. Wafinyanzi nao wanajua kwamba udongo mtupu hautoshi kwa chungu. Ukifinyanga kwa udongo peke yake, chungu hupasuka kikikauka au kikichomwa. Kwa hiyo hutiwa mchanga, au vigae vya chungu cha zamani vilivyotwangwa, ili moto upate kupita bila kukivunja. Kitu hicho kinachotiwa, wafinyanzi wa Kiingereza mpaka leo wanakiita kwa jina lile lile la pacha mwema. Basi mwanamke anayetwanga vigae na kuchanganya na udongo wake anachanganya, lakini hachakachui. Chungu kinakuwa bora, na mnunuzi akiuliza ataambiwa kilichomo.

Nimelitaja neno kuchakachua, na nitalirudia. Kabla yake tulikuwa na kughushi, nalo lina hadithi inayofanana mno na hiyo ya Kiingereza. Kughushi limetokana na Kiarabu, ambako asili yake ni udanganyifu wa sokoni, hasa kuchanganya kibovu na kizuri. Waislamu wanaifahamu habari iliyopokewa ya Mtume Muhammad kupita sokoni, akatia mkono katika fungu la nafaka iliyokuwa kavu juu, na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Akamuuliza muuzaji, muuzaji akasingizia mvua. Akaulizwa kwa nini basi ile iliyolowa asiiweke juu watu waione, kisha akaonywa kwamba afanyaye ghushi "si miongoni mwetu". Siku hizi sisi tunalitumia neno hilo kwa vyeti na saini na noti. Lakini lilianzia kwenye nafaka, kama lile la Kiingereza lilivyoanzia kwenye udongo. Watu wawili wa mbali, Mwarabu na Mwingereza, walipotafuta jina la mkono usioalikwa, wote wawili waliona mtu anayechanganya.

Na Mswahili je? Alipohitaji neno jipya, alifanya lile lile. Kuchakachua ni neno ambalo sikio halihitaji kamusi kulielewa. Lina mlio wa chakacha, ule wa majani makavu yakikanyagwa, na mlio wa kuchakata, yaani kuponda na kusindika kitu mpaka kibadilike, na wa kuku anayechakura jalalani. Mwisho wake ni ule wa kupindua, kufumua na kubomoa. Ukilitamka unasikia kitu kikitikiswa ndani ya pipa. Na kwa kweli lilivuma likiwa ndani ya pipa: pipa la mafuta.

Niwaeleze jinsi biashara ile ilivyokuwa. Kwa miaka mingi serikali ilitoza kodi ndogo sana kwenye mafuta ya taa, kwa sababu nzuri kabisa: ni mafuta ya mnyonge, ya koroboi na ya jiko. Dizeli na petroli zikatozwa kodi kubwa, kwa kuwa wenye magari wanajiweza. Basi kwenye kituo cha mafuta yakakutana matangi mawili, moja la bei ya chini na jingine la bei ya juu, na vilivyomo vinafanana kama mapacha. Dizeli na mafuta ya taa hutoka katika mafuta ghafi yale yale, hutofautiana kwa uzito tu, na ukiyachanganya hayatengani. Dereva haoni kitu. Tofauti yote ya kodi inaingia mfukoni mwa mwenye kituo.

Anayeona ni injini, tena baadaye. Dizeli hulainisha pampu na nozeli inamopita. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi, na vyuma vinaanza kulana. Petroli nayo ikichanganywa na mafuta ya taa, injini hugonga na kukosa nguvu mlimani. Mwenye daladala anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuza vipuri, na mwenye kituo anaendelea kuuza. Ubaya mkubwa zaidi ni pale mambo yanapokwenda kinyume, petroli ikaingia katika mafuta ya taa, iwe kwa hila au kwa uzembe wa kutumia ndoo moja. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi kama 38 za Selsiasi. Petroli hutoa mvuke huo hata penye barafu. Mama anawasha koroboi kama alivyowasha jana, na koroboi inalipuka mikononi mwake. Hapo neno kuchezea halina nafasi tena.

Kulikuwa na njia ya pili, na hii inapita mlangoni mwa mzee wetu. Barabara ya Manyoni, Issuna na Singida ndiyo njia ya malori ya mafuta yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda kupitia Rusumo na Burundi kupitia Kabanga. Mafuta hayo ni ya nchi jirani, hayalipi kodi ya hapa. Yanasafiri chini ya lakiri mpaka mpakani. Sasa fikirini tangi la maelfu ya lita lisilolipiwa kodi, linalopita usiku katika nchi ambayo lita ile ile ikilipiwa kodi bei yake inapanda mno. Kishawishi hakihitaji kuelezwa. Likishushwa njiani, likaingia katika kituo cha ndani, hakuna hata haja ya kuchanganya kitu. Karatasi ndiyo iliyochezewa: inasema mafuta yamevuka mpaka, ilhali yako ndani ya magari ya hapa hapa.

Hivyo ndivyo uchakachuaji ulivyokuwa habari ya kila siku ulipofika mwaka 2010, na mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Tarehe 31 Oktoba Watanzania walipiga kura. Jakaya Kikwete wa CCM akatangazwa mshindi, na Dk. Willibrod Slaa wa Chadema akayakataa matokeo akidai yamebadilishwa. Mwezi Novemba wabunge wa Chadema walitoka ukumbini Dodoma Rais alipokuja kulihutubia Bunge jipya. Mitaani neno likahama kutoka kituo cha mafuta kwenda kituo cha kura bila kubadili nguo. Kura zimechakachuliwa, wakasema watu, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa, kwani kila mmoja alishawahi kuuziwa dizeli. Sisemi kwamba madai yalikuwa kweli au uongo. Hayakuweza kupimwa mahakamani: ibara ya 41(7) ya Katiba ilisema kwamba Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilikuja kuamua mwezi Julai 2020 kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia.

Majirani zetu Kenya walikwenda njia nyingine, na kesi yao inasaidia kulielewa neno letu. Uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti 2017 ulipingwa na Raila Odinga, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaufuta. Wengi walitarajia mahakama itaje kura ngapi ziliibwa na nani aliziiba. Haikufanya hivyo. Ilitazama njia ambayo matokeo yalisafiri nayo: fomu nyingine zilikosa alama za usalama, na tume ya uchaguzi ilipoamriwa kufungua mitambo ya kompyuta ili ikaguliwe, haikutii ipasavyo. Majaji walio wengi wakasema hesabu nzuri haitoshi ikiwa njia iliyoileta haiwezi kukaguliwa. Waliopinga hukumu hiyo walikuwa na hoja pia, kwamba huwezi kutupa mamilioni ya kura kwa sababu ya kasoro za karatasi. Mimi nawaelewa wote wawili, ila naona majaji wale walifikiri kama mnunuzi wa dawa. Ukikuta pete ya kifuniko imekatika, hukai ukasubiri mtu akuthibitishie kuna sumu kiasi gani ndani. Unairudisha. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, Odinga akasusa, na Uhuru Kenyatta akashinda. Hayo ni mengine.

Turudi kwenye mafuta, maana huko ndiko kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Tatizo la mafuta ni kwamba hayana kifuniko cha kukatika. Yanamiminwa kutoka tangi hadi tangi mara tatu au nne kabla ya kumfikia mnunuzi. Kwa hiyo mwaka 2010 EWURA, ile mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianzisha lakiri ya namna nyingine: kemikali maalumu, ya kiasi kidogo mno, inayotiwa katika mafuta yaliyolipiwa kodi yakiwa bado kwenye maghala makubwa. Jicho haliioni na injini haiihisi. Mkaguzi anafika kituoni, anachukua sampuli, anaipima. Kemikali ikiwa kamili, mafuta ni yale yale yaliyotoka ghalani. Ikiwa pungufu, kuna kingine kilichoongezwa. Ikikosekana kabisa, mafuta yale yalikuwa yaende Kigali au Bujumbura. Oneni jinsi mambo yanavyozunguka: ili kumkamata anayechanganya, serikali nayo ilibidi ichanganye, ila kwa kipimo na kwa kutangaza.

Dawa ya pili ilikuwa ya kodi, na ndiyo yenye uchungu. Katika bajeti ya mwaka 2011/12, Waziri wa Fedha akiwa Mustafa Mkulo, ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya shilingi 400 kwa lita, na ule wa dizeli ukapunguzwa. Hoja ilikuwa rahisi na, kwa upande wa hesabu, sahihi: ukiondoa tofauti ya bei, unaondoa sababu ya kuchanganya. Na kweli mauzo ya mafuta ya taa yaliporomoka baada ya hapo. Tafakarini maana ya kuporomoka huko. Koroboi za nchi hii hazikuzimika zote kwa mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyokuwa yakiandikwa vitabuni kuwa ni ya taa hayakuwa yakienda kwenye taa.

Lakini nani aliyelipa? Wakati ule nguzo za umeme zilikuwa hazijafika vijiji vingi vya Singida. Wakala wa Nishati Vijijini ulikuwa umeanza kazi mwaka 2007 tu. Mtu aliyekuwa akinunua mafuta kwa kopo dukani ili mtoto adurusu masomo yake usiku, huyo ndiye aliyeongezewa shilingi mia tatu na zaidi kwa kila lita. Hakuwa na kituo cha mafuta, hakuwa na lori, hakuwa na tangi. Unafuu ule wa kodi ulikuwa umewekwa kwa ajili yake, wenye vituo wakautumia kuchanganyia, na ulipofika wakati wa kuadhibu, aliyenyang'anywa ni yeye. Serikali ilikuwa na njia nyingine ambayo ingemwacha nje ya ugomvi huu: kuongeza wakaguzi, kufunga vituo, kuwataja wahusika kwa majina hadharani. Njia hiyo ni ya gharama na ina maadui wenye nguvu. Kupandisha ushuru kunahitaji mstari mmoja tu katika hotuba ya bajeti.

Tangu wakati huo taa za jua zimeingia vijijini kwa wingi, na umeme umesambaa mahali pengi, kwa hiyo koroboi nyingi sasa zimekaa kabatini zikisubiri siku umeme utakapokatika. Kwa yule ambaye bado anaiwasha, habari yake inapatikana mwanzoni mwa kila mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Watangazaji wa redio, na mimi nikiwemo, husoma bei ya petroli kwanza, kisha dizeli, na mara nyingi muda huwa umekwisha kabla ya kuufikia mstari wa tatu.